Mwisho Saa Nne

Usiku ule mama wa supu aligawa bure.

Ilikuwa saa nne na robo. Askari mgambo wawili walikuwa ng'ambo ya barabara wanamsubiri afungashe, mmoja anachezea simu, mwingine kakunja mikono. Hawakumtukana, hawakumsukuma, na sufuria hawakuipiga teke. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua msomaji ameshaichora picha hiyo kichwani, nami sitaki kumsingizia mtu. Walifika, wakasema, "Mama, saa imefika," wakavuka barabara, wakangoja.

Yeye akafunua sufuria. Supu ilikuwa bado nusu. Akaanza kuchota, anakamua ndimu, anagawa: bodaboda watatu, utingo wa lori la makaa ya mawe, nesi aliyekuwa anaingia zamu, na mimi.

"Kunyweni, wanangu. Hii hailali."

Nikapokea bakuli kwa mikono miwili, nikasema ahsante mama, nikanywa. Pilipili ikanipanda puani. Pweza alikuwa laini kama siku zote.

Barua iliyomfungisha niliiandika mimi.

## Mashine ni moja

Nina steshenari. Chumba kimoja, kompyuta mbili, printa inayokohoa kama mzee wa tumbaku. Kazi zangu mnazijua: kopi, picha za paspoti, TIN, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya wanafunzi, leseni za biashara kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Na barua. Barua ndizo ninazozipenda. Mtu anakuja na hasira yake kaiviringisha kwenye karatasi ya daftari, mimi naivalisha koti na tai: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Akisomewa anashangaa kwamba hayo yote kayasema yeye.

Mtaa wetu siutaji, wala halmashauri. Mtwara na Lindi kwa pamoja zina halmashauri 15, chagueni mnayoitaka. Inatosha kujua kwamba tuko kwenye barabara ya malori yanayokwenda bandarini Mtwara, na kwamba tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kupita huku, usiku wetu una watu wengi kuliko zamani. Msimu wa korosho ukiingia ndiyo kabisa. Makuli wanashusha magunia ghalani mpaka mikono inakataa, halafu wanatafuta cha kutia tumboni saa ambayo wake zao wamelala.

Sasa, wiki kadhaa kabla ya usiku ule wa supu ya bure, walikuja dukani kwangu wazee wawili na dada mmoja mwenye mtoto mchanga. Walikuwa na malalamiko dhidi ya kijana wa chipsi. Kijana huyu ana spika mbili, kila moja kimo cha kabati, na Ijumaa na Jumamosi anazifungulia mpaka saa nane. Wazee walizungumza sana. Dada hakusema kitu. Alikuwa na yale macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi, na ni macho yake yaliyonifanya niiweke pembeni kazi ya mtu mwingine nianze yao.

Sijitoi. Mimi nalala nyumba ya tatu kutoka kwenye spika hizo. Siku nyingine besi inanitikisia kioo cha dirisha hadi nahesabu nyimbo, nikijiambia hii ndiyo ya mwisho.

Karatasi yao ya daftari ilikuwa na maneno saba: *Tunaomba huyu kijana wa chipsi apunguze mziki.*

Nikaiona nyepesi. Tena nikaona kumtaja mtu mmoja kwenye barua ya mtaa ni kuleta uhasama, maana mama yake kijana na mmoja wa wazee wale ni watu wa kuzikana. Nikaipanua. Nikaandika kwamba wananchi wa mtaa huu wanasumbuliwa na "shughuli za wafanyabiashara wote wa vyakula vya usiku, zinazoendelea hadi saa zisizofaa".

Nikawasomea. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa furaha. "Hapo umeandika."

Nikasaini palepale. Sahihi yangu ilikuwa ya nne. Wao wakaichukua wakaenda kuzunguka nayo nyumba kwa nyumba, na karatasi ile sikuiona tena.

"Wote." Neno hilo halikuwa lao.

## Barua inavyotembea

Barua ya mtaa haiendi mbali kwa siku moja, lakini ikishaanza safari hairudi. Ilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ikapita kwa mtendaji, ikapanda kata. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu, na ajenda huwa ni nyingi: darasa lisiloezekwa, mtaro ulioziba, michango ya chakula shuleni. Barua yetu ilipofika hapo ilikuwa imeshaacha nyuma kila kitu kilichoizaa. Macho ya yule dada hayakwenda nayo. Besi haikwenda nayo. Yalikwenda maneno tu, na maneno yalikuwa yangu.

Nilijuaje? Muhtasari wa kikao uliletwa kwangu kuchapwa. (Siri za watu hazitoki dukani kwangu, lakini hii ilikuwa siri yangu mwenyewe inarudi nyumbani.) Ukurasa wa tatu: kikao kimepokea malalamiko kuhusu *wafanyabiashara wote wa vyakula vya usiku*. Nikalitazama lile neno likipita kwenye printa. Nakala sita. Sikusema kitu. Nikapiga stepla, nikapokea hela yangu.

Neno muziki halikuwemo popote.

Baada ya hapo likapita gari la matangazo. Vyakula vyote vya usiku, mwisho saa nne. Na mtangazaji, kama wanavyofanya, akarudia: wote, wote, wote.

## Leseni haina saa

Hapa ndipo kitu kilipoanza kunikwaruza, kwa sababu ya kazi yangu. Nimejazia watu leseni nyingi mno. Ya mgahawa naweza kuijaza nimefumba macho: namba ya NIDA, TIN, mkataba wa pango, maoni ya afisa afya, namba ya malipo inatoka, mtu analipa kwa simu, tunasubiri. Sheria yenyewe ni ya 1972. Biashara za Kundi A zinapewa leseni huko juu, za Kundi B, ambamo migahawa yetu imo, zinapewa na halmashauri. Karatasi ikitoka ina jina la mtu, aina ya biashara, mahali, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Unaibandika ukutani panapoonekana.

Saa hazimo.

Nilirudi kuzitazama nakala nilizonazo, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Saa ya kufungua haimo, ya kufunga haimo. Bia ndiyo yenye saa. Sheria ya Vileo ya 1968 inajua kabisa kwamba mtu anaweza kunywa kupita kiasi, ikaweka saa za kuuza. Wali na samaki hakuna aliyewaza kwamba watahitaji kutungiwa saa.

Halmashauri inaweza kuzitunga, kwa maana ya kwamba ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo ina njia yake: rasimu, tangazo kwa wananchi watoe maoni, baraza la madiwani lipitishe, waziri aridhie, ichapwe kwenye Gazeti la Serikali. Nikamuuliza ofisa mmoja, mtu mwema ambaye namchapia kazi zake, sheria ndogo ya saa nne ni ipi nikaisome.

"Hayo ni maelekezo," akasema.

Ya nani?

"Ya kikao."

Kikao kimeyatoa wapi?

Akanitazama kwa subira ya mtu anayezungumza na mtoto. "Si kuna barua ya wananchi?"

Maelekezo ni neno ambalo nililiandika miaka yote bila kulitazama usoni. Sheria ina namba na mwaka, ina wa kuitunga na wa kuipinga. Maelekezo hayana mama wala baba. Ukiyafuata nyuma, ofisi kwa ofisi, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta chemchemi, unafika mahali unakuta mtu kakaa na kompyuta mbili na printa inayokohoa.

## Usiku wa kwanza

Mgambo walianza kwa kijana wa chipsi, na walistahili sifa kwa hilo. Yeye ana kila kitu. Najua kwa sababu nilimjazia mimi: leseni ya mgahawa, TIN, vyeti vya kupimwa afya vya kwake na vya vijana wake wawili, vyote kwenye fremu, juu ya kabati la chipsi.

"Nionesheni hapa palipoandikwa saa nne," akawaambia.

Wakasoma. Wakasogeza tochi. Wakasema watakwenda kuulizia.

Wakaja kwa mama wa supu. Yeye hana fremu. Ana ndoo mbili, benchi, jiko la mkaa, taa ya sola aliyoifunga kwenye mti, na kibunda cha risiti za ushuru ambazo mashine ya mkusanya ushuru humtolea kila siku. Risiti zenyewe wino wake ukishapigwa na joto la jiko unafutika, unabaki na karatasi nyeupe.

Akafunga.

Kijana, nimtendee haki, alipunguza sauti wiki nzima. Wiki ya pili akaongeza kidogo. Ya tatu kioo changu kikaanza tena kutetemeka, ila sasa nikitoka nje kutafuta supu ya kunituliza, mti uko peke yake.

## Pindo la kanga

Mama huyu alikuwa na karatasi nyingine aliyoiamini kuliko risiti. Desemba 2018 Rais Magufuli alipoanzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kukimbilia. Shilingi 20,000, kwa mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 4, na ahadi kwamba mwenye nacho asibughudhiwe. Mimi ndiye niliyemlaminetia. Mpaka leo kiko kwenye pindo la kanga, pembe zimeng'atwa na jasho. Muda wake ulishapita zamani. Kwake yeye hakijafa, kimesinzia tu.

Huwa nacheka peke yangu nikifikiria neno tunalowaita watu wa biashara za namna hii nchi nzima. Machinga. Wamachinga ni watu wa huku, wa Lindi. Walikwenda Dar na bidhaa mkononi, jina lao likageuka kuwa jina la kazi. Leo mtu wa Kigoma anaitwa machinga, na huku kwenye asili ya jina tunafukuza sufuria.

Lakini hapo nakuwa mshairi, na mambo si mepesi hivyo. Nitaeleza.

## Bibi afya

Nilikwenda kumwona bibi afya nikiwa na hotuba yangu tayari. Nilitaka aniunge mkono. Aliniacha nimalize, halafu akaniuliza swali moja.

"Bakuli lile ulilonyweshwa, la mwisho, lilioshwa wapi?"

Nikakumbuka ndoo. Ya kwanza ya kusuuzia mabaki, ya pili ya kusuuzia ya kwanza. Maji yaleyale tangu magharibi.

Akanikumbusha 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar na kwenda mikoa mingi, na vyakula vya kando ya barabara vikapigwa marufuku mji baada ya mji. "Wewe ukila ukaugua ni mtu mmoja," akasema. "Ndoo ile ikiugua, unaugua mtaa." Sina jibu la hilo hadi leo. Kuna siku nzima nilirudi nyumbani nikiamini kwamba barua yangu, pamoja na ubaya wake, ilifanya jambo jema kwa bahati mbaya.

Kilichonigeuza ni alichoongeza wakati naaga, mkono uko mlangoni.

"Mimi mngenituma kwake ningempa wiki mbili. Ndoo yenye koki, sabuni, meza ya kuinua vyombo, cheti cha kupimwa. Anaviweza vyote, namjua. Hakuna aliyenituma."

Hakutumwa kwa sababu barua haikutaja maji. Haikutaja spika pia. Ilitaja watu na saa. Kupima kelele kunahitaji kifaa na mtu wa kukishika. Kupima maji kunahitaji bibi afya na muda wake, na kata yake ni pana. Saa ipo mkononi mwa kila mgambo.

Nadhani ndiyo maana maamuzi mengi ya usiku huishia kuwa ya saa.

## Ndundu

Wenzangu waliokua kabla ya Daraja la Mkapa, 2003, watanielewa. Kwenda Dar kulikuwa kwenda Rufiji kwanza, na Rufiji kulikuwa kusubiri pantoni ya Ndundu. Siku moja tulifika imeharibika. Nilikuwa mdogo, nimeegemea ubavu wa mama, foleni ya mabasi na malori imezimwa taa, mbu wamejaa. Njaa ilikuwa imeshapita kile kiwango cha kulia.

Halafu zikaonekana koroboi. Moja, tatu, nyingi. Akina mama wanashuka na masinia ya wali na samaki wa mtoni, wanapita dirisha kwa dirisha. Mama akanunua sahani moja tukala wawili. Nimekula vyakula vingi baada ya hapo na sikumbuki ladha yake kama ninavyokumbuka ya ule.

Nilimsimulia haya bibi afya. Akasema, "Na walioharisha nao wanakumbuka." Basi.

Ila ninachokitaka kwenye hadithi hii si ladha. Ni kwamba barabara ikilaza watu njiani, chakula kinakuja chenyewe, na kitakuja usiku kwa sababu usiku ndiko watu waliko. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku kucha. Kariakoo wamezindua biashara za saa 24. Bandari haifungwi saa nne, hospitali haifungwi, wala mwezi haufungwi: pweza wa huku anafuata bamvua, maji yakikupwa sana watu wanashuka mwambani, na siku za maji mafu mama anahamia supu ya makongoro. Ratiba yake ina mabwana wengi, na aliyeongezwa mwisho ndiye asiyejua hata mmoja wa wale wengine.

Najua mtu atasema: mwandishi anataka kulala na anataka supu saa saba usiku. Kweli. Nataka vyote viwili. Nilidhani kuna mtu kazi yake ni kutafuta namna.

## Barua ya pili

Alikuja Jumanne mchana, kajitanda kanga, kashika mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka barua."

"Kwa nani?"

"Kwa haohao."

"Iseme nini?"

Akafikiri. "Iseme nipo."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikaanza kuandika, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka sikujua niivalishe koti gani. Kila sentensi niliyoianza ilikuwa kubwa kuliko yeye. Mwishowe nikaandika jina lake, anachouza, miaka, mahali, mti ule, idadi ya mabakuli. Ukurasa nusu. Nikauchapa.

Akatoa buku akaliweka mezani. Nikalirudisha.

"Leo hutaki hela?"

"Ofa, mama."

Akanitazama muda mrefu. "Ile nyingine waliilipia?"

"Ipi?"

"Mwanangu." Aliniambia bila ukali. "Mashine hapa ni moja."

Nilianza kueleza. Spika, mtoto mchanga, uhasama, neno. Ulimi ukawa mzito kama niliyemwagiwa pilipili. Yeye alikuwa anafunua mfuko wake, anatafuta miwani, na alipoipata akaivaa, akaisoma barua yake mwenyewe hadi mwisho, polepole, kidole kinafuata mistari.

"Hii nimeisoma," akasema. "Ile sikuwa na miwani. Waliniambia ni ya spika."

Sikumwelewa mara moja.

"Hata mimi spika zinanichosha," akaendelea. "Mteja akiagiza sisikii. Wakaniletea pale pale jikoni, mikono ina supu. Nikajifuta, nikasaini."

Alikuwa amesaini. Sijui alikuwa wa ngapi. Kati ya wa tano na wa mwisho kulikuwa na mtu aliyeweka sahihi yake kwenye karatasi inayoomba afungiwe, akaamini ametusaidia sote tulale.

Buku lilibaki mezani. Aliondoka bila kulichukua na sikuthubutu kumkimbilia.

## Mita 30

Tulijaribu leseni. Nilimfungulia akaunti, tukafika kwenye aina ya biashara, akasema "supu", tukaichagua ile iliyokaribia. Tukafika kwenye mahali, tukakwama.

Mti wake uko ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu ina mita 30 kila upande kutoka katikati. Humo huwezi kuwa na mkataba wa pango, na bila mkataba mfumo hausogei. Kilio chake kilikuwa kifupi: nje ya mita hizo kuna leseni, wateja hawapo. Dereva wa lori hawezi kuegesha akaanza kutembea vichochoroni kuulizia pweza.

Tukaenda njia nyingine, usajili wa vitambulisho vipya vya kidijitali vya wafanyabiashara wadogo, ule wa Maendeleo ya Jamii. Huo ukakubali. Bibi afya, ambaye hatimaye nilimtuma mimi kwa miguu yangu, alimpa orodha yake: ndoo ya koki, sabuni, meza, kipimo. Alivifanya ndani ya siku tisa. Barua ya "nipo" ikapokelewa, ikagongwa muhuri, tukaambiwa tusubiri kikao.

Tunaendelea kusubiri.

## Halijasema mwanzo

Juzi usiku niliamshwa, na haikuwa besi. Ilikuwa harufu. Pweza, tangawizi, ndimu. Nikatazama simu: saa nane na dakika kumi. Nikavaa shati.

Taa ya sola ilikuwa mtini. Basi la Dar lilikuwa limeegesha, abiria wanajinyoosha, malori mawili nyuma yake. Ndoo ya koki inadondosha maji, sabuni kaifunga kwa kamba kwenye wavu wa chungwa. Kwenye benchi, bakuli mkononi, alikuwa amekaa mmoja wa wale mgambo wawili, yule wa kukunja mikono.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "si mwisho saa nne?"

"Mwisho ni saa nne," akasema, anachota. "Saa nne mimi nimelala. Tangazo nimelisikia vizuri, limesema mwisho. Halijasema mwanzo."

Mgambo akainamia bakuli lake kama mtu anayesoma.

Jana wakaja dukani wale wazee wawili. Safari hii bila dada. Walikuwa na karatasi ya daftari: kuna mtu anafungua biashara saa nane usiku, mbwa wanabweka, mabasi yananguruma. Nikawauliza kama wamekwenda kumwambia mwenyewe.

"Wewe andika tu," akasema mkubwa wao. "Kama ile ya kwanza. Ile ilikaa vizuri."

Nikawaambia tona imeisha.

Nyuma yangu printa ilikuwa inakohoa, inatoa kopi za mwanafunzi, kurasa arobaini, moja baada ya nyingine. Tukakaa kimya watu watatu tunaisikiliza.